Jivu Kwenye Boneti ya Kijani

Vueni pete. Naanza na hilo kwa sababu nimelisema kwa mdomo miaka yote, na bado wiki yangu ya mwisho kazini nilimkuta mmoja wenu anapolishi mlango wa gari la mteja na pete ya ndoa kidoleni. Vueni pete, vueni saa, na kichwa cha mkanda kigeuzeni kiende mgongoni. Ndoa haivunjiki kwa kuvua pete saa moja. Rangi ya gari lililonunuliwa kabla hamjazaliwa ikichubuka, hakuna mchungaji wa kuisuluhisha.

Mimi ni Adela, yule mliyezoea kumwita Ma Adela, na tangu mwezi uliopita ni mstaafu. Mlinifanyia sherehe nzuri hapo bandani kwetu Kahororo, mkanipa kiti na vitenge viwili, mkasema nikapumzike. Nimepumzika siku nne. Siku ya tano nimetafuta daftari. Sitaandika nilipata tenda gani wala lini, maana hayo hayamfundishi mtu kushika kitambaa. Nataka kuwaandikia habari za alama moja, ndogo kama kiganja cha mtoto, iliyonikosesha raha tangu nikiwa na miaka kumi na tisa hadi mwaka huu. Nikikumbuka ilivyoisha nacheka peke yangu jikoni, na mume wangu anachungulia kuona kama niko salama.

Nilitoka Maruku, kwa mama, kwenye migomba na kahawa. Shangazi yangu wa mjini alinitafutia kazi ya kufagia dukani kwa Mzee Kanji, Bukoba. Siku hizo familia za Kihindi zenye maduka zilikuwa bado kadhaa. Leo mnazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vinabaki. Mzee Kanji alizaliwa hapa, na baba yake pia alizaliwa hapa. Alikuwa na Kihaya cha kusalimia wateja na Kiswahili cha kugombeza wafanyakazi. Mbele aliuza rangi, misasa, tina ya kuyeyushia rangi na vipuri. Nyuma, uani, alikuwa na kibanda cha mabati ambamo alifufua rangi za magari ya zamani. Neno ni lake hilo, kufufua. Kupiga rangi mpya, alisema, kila mwenye kompresa anaweza. Yeye alitaka ile ile iliyotoka na gari kiwandani irudi kung'aa.

Siku ya kwanza nilifagia. Siku ya pili nilifagia. Siku ya tatu akanikuta nimesimama mlangoni namwangalia, ufagio mkononi, akaniita. Akachukua mfuko wa nailoni, ule mwembamba wa kufungia maandazi, akanivika mkononi, akaniambia nipapase mlango wa landrova moja iliyokuwa pale. Jaribuni leo kama hamjawahi. Mkono mtupu unakudanganya kwamba rangi ni laini. Ukiuvika nailoni unasikia kila punje ya vumbi iliyojichimbia humo. Nilishtuka nikautoa mkono. Akacheka. Kisha akafuta mlango ule ule kwa kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, akanionyesha: kitambaa kimeshika rangi. "Hii ni rangi ya zamani, binti. Haina klia, lile tabaka angavu la kuikinga, juu yake. Kila ukisugua unaondoka nayo. Kwa hiyo sugua kama mtu anayekula akiba."

Mwisho wa kibanda kulikuwa na gari lake mwenyewe, saluni ya kijani aliyoinunua baba yake ikiwa mpya. Kijani chenyewe kilikuwa kimekufa, kimekuwa cheupe kama kimepakwa unga. Magari ya watu yalitoka pale yanang'aa, lake likabaki vile. Mganga hajigangi. Nilipomuuliza, alisema hilo litasubiri.

Sasa sikilizeni kosa langu. Ilikuwa wiki ya tatu. Jirani mmoja alipita na mkungu wa ndizi mbichi, akautua juu ya boneti ya gari la kijani wakati anatafuta chenji. Utomvu ukadondoka. Mnaujua utomvu wa ndizi: unadondoka kama maji, ukikauka unakuwa mweusi na hautoki hata kwa maombi. Mzee alikuwa ameenda nyumbani kula. Nikaona doa. Nikaona pia nafasi yangu ya kumfurahisha. Hakuna binti wa Kihaya ambaye hajasugua sufuria kwa jivu na nyuzi kavu za mgomba, na mimi kwetu nilisifiwa kwa kazi hiyo. Nikakimbilia kwa mama wa chai wa jirani, nikaomba jivu la jikoni, nikachuma nyuzi, nikatia maji kidogo, nikapiga magoti mbele ya lile gari.

Doa likatoka mara moja. Na chini yake, jamani! Kikatoka kijani ambacho sikuwa nimekiona popote isipokuwa kwenye jani la mgomba lililofunguka asubuhi hiyo. Moyo ulinilipuka. Nilimwita mama wa chai aje aone. Alikuja, akasema "Mawe!", ule mshangao wetu wa Kihaya, na ile "Mawe!" ndiyo iliyoniponza, kwa sababu nilitaka aiseme tena. Nikasugua. Nyuzi zikawa za kijani; nikadhani ni uchafu unatoka. Nikasugua kwa nguvu zaidi. Mara kijani kikapungua, kikawa ukungu, kikapotea, na mbele yangu kikabaki kidoa chekundu cha praima, rangi ya chini kabisa, kama kiganja cha mtoto.

Mahali penyewe juu ya boneti sipataji. Sababu mtaiona mbele.

Mzee Kanji akarudi. Aliinama, akaweka kidole kwenye ile praima, akanusa kidole.

"Jivu."

"Ndiyo, Mzee."

"Nani kakufundisha?"

"Mama yangu."

"Mama yako anasugulia nini jivu?"

"Sufuria, Mzee."

"Sufuria limepakwa rangi?"

"Hapana."

"Basi mama yako hana kosa." Akakaa juu ya debe. "Kabla ya kufika kwenye wekundu, uliona nini?"

Nilikuwa nalia, lakini nilimjibu. "Niliona kijani, Mzee. Kizuri sana."

Aliniangalia kwa makini. "Kwa sababu umekiona, sikufukuzi. Lakini hii alama mimi siigusi. Utaitengeneza wewe. Siku nitakapopitisha mkono wangu hapa nisijue ilikuwa wapi, na mwenye macho akaangalia juani asiione, siku hiyo nitakuita fundi. Leo kafagie."

Neno fundi Mzee Kanji alikuwa bahili nalo. Walikuja wanaume wenye mvi wakijitambulisha kuwa mafundi, yeye akawaita "bwana". Mimi aliniita binti, na niliapa kwamba sitakufa nikiwa binti.

Nikaanza kujifunza. Alinifundisha msasa wa maji, kwamba unauloweka tangu jana yake na unasugua kwa maji ya sabuni, mstari ulionyooka, kamwe si duara. Alinifundisha kubandika utepe kwenye kingo za mabati, kwa sababu rangi huwa nyembamba pembeni na ndipo mashine ya kupolishi hupenda kula. Alinifundisha kuosha ndani ya mabawa ya matairi kabla ya kugusa juu, nami nilipolalamika kulala chini kwenye matope akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, akaenda zake kunywa chai. Jumamosi alifunga duka saa sita na kunifukuza. "Nenda Maruku kamsaidie mama yako." Nilidhani ni huruma tu. Huruma ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake.

Baada ya miaka mitatu nikajiona niko tayari. Nikasafisha ile alama kwa tina. Kitambaa kilitoka na mafuta. Nikashangaa kidogo, nikasema labda ni moshi wa jikoni kwa mama wa chai. Nikachanganya kijani changu, nikajaza kwa brashi, nikasugua, nikapolishi, nikamwita. Mzee alifumba macho, akapitisha kiganja mara moja tu kama mtu anayefuta meza, akasimama. "Hapa. Kuna kilima." Akachukua tina, akafuta kazi yangu ya siku tisa kwa pumzi moja. "Rudia ukiwa tayari."

Sikumchukia. Au tuseme nilimchukia hadi jioni.

Miaka ikaenda, nikapata banda langu Kahororo, hili mnalolijua, na wateja wakaanza kunifuata mimi. Hapo ndipo tulipopata ile aibu ya senene, ambayo mmeisikia kwa namna nyingi, kwa hiyo niandike iliyo ya kweli. Tulikuwa tumepiga rangi gari jeupe la bwana harusi, magharibi, tukaacha taa zinawaka ili rangi ikauke. Ulikuwa msimu. Wale panzi wetu watamu wakashuka. Mtu mwenye akili angekimbilia turubai. Sisi, mafundi wanne wazima, tulikimbilia ndoo! Tulikamata senene kwa furaha kuu hadi mmoja akauliza, "Na gari?" Gari lilikuwa na senene wamenasa kuanzia boneti hadi buti, wengine bado wanapiga miguu. Bwana harusi alipokuja asubuhi aliangalia, akameza mate, akauliza kama hao wa kwenye rangi wanaliwa. Tulirudia gari zima. Tangu hapo turubai linaning'inia karibu na taa, na ndoo ziko stoo chini ya kufuli.

Jaribio la pili nililifanya nikiwa na jina tayari. Safari hii hakukuwa na kilima. Kitambaa cha tina kilitoka tena na mafuta, nikadhani ni mikono ya watu wanaoegemea gari. Fundi mzima, pua na macho ninavyo! Nikamaliza, Mzee akapitisha mkono, akarudia, akakunja uso. Hakuona kitu kwa kiganja. Nikaanza kutabasamu. Akasema, "Tusukume nje." Tukalisukuma hadi juani, akaleta ndoo ya maji, akaimwaga yote juu ya boneti. Kijani chote kikakolea kwa sababu kimelowa, isipokuwa kiraka changu, ambacho kilibaki pale pale, kimepauka. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na kapu la parachichi akauliza bila kuulizwa, "Gari lenu lina ugonjwa gani wa ngozi?"

Mzee akafuta tena. Mimi nikaenda kwangu, nikawaambia mafundi wangu kichwa kinauma.

Mtu aliyenifungua macho hakuwahi kushika msasa. Alikuwa Ma Kokugonza wa Kagoma, kule Muleba, mjane. Marehemu mumewe aliacha pikapu ya bluu aliyokuwa anabebea kahawa. Wanawe walitaka ipigwe rangi mpya, yeye alitaka bluu ya mumewe. Nikaenda. Rangi ilikuwa imekauka na kupasuka vinyufa vidogo, nyembamba hata niliogopa kuipumulia. Alinipa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu, akaketi kuniangalia. Nilipotoa msasa, akauliza kwa upole wa Kihaya.

"Waitu, unataka kumsugua na ngozi kavu hivyo?"

"Nitasugua kidogo tu, Ma. Juu juu."

"Mwana wange, mtoto ngozi ikimkauka unamsugua? Si unampaka samli, unamwacha ainywe?"

Nilibaki na msasa mkononi. Kisha nikaurudisha kwenye boksi. Nikachukua polishi ya mafuta, ile isiyo na punje za kukwangua, nikaipaka pikapu nzima, nene, kama mtu anayesiriba ukuta, nikalala hapo hapo Kagoma. Asubuhi polishi ilikuwa imenywewa. Nikapaka tena, nikasubiri hadi mchana, nikafuta kwa kitambaa laini bila kukandamiza. Bluu ikaja! Haikutoka juu, ilitoka ndani, ikipanda polepole kama chai inavyokolea kwenye kikombe. Nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Ma Kokugonza alikuja akaweka mkono mdomoni. Akasema, "Ndiyo hii. Alikuja nayo kwetu siku ya posa." Akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akanitafutia mkungu wa ndizi wa kuondoka nao. Niliuweka kwenye gunia. Nimeshajifunza.

Njiani kurudi Bukoba ndipo nilipojipiga paji la uso. Mara zote mbili nilikuwa nachanganya rangi ili ifanane na kijani chenye kiu! Nilikuwa nafananisha kiraka na ugonjwa. Ilibidi kwanza gari lote linywe, lirudi kuwa kijani chake, halafu ndipo nitafute rangi ya kiraka. Nilitaka kwenda kwa Mzee siku ile ile.

Lakini mara kazi hii, mara ile, mara watoto, na ninyi mnajua jinsi mtu anavyoahirisha jambo analolipenda. Mwaka huu, miezi michache kabla sijastaafu, Nila, binti yake, alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Macho ya baba yake yalikuwa yamekwisha, hawezi tena kuishi peke yake juu ya duka. Mwisho wa mwezi anakuja kumchukua. Nikakata simu, nikakaa chini. Akiondoka, nitabaki binti maisha yangu yote.

Nilikwenda kesho yake. Alikuwa ameketi uani, mwembamba, kofia ya sufu kichwani.

"Mzee, ni Adela. Nimekuja kurudia."

"Umechelewa, binti. Nilidhani umeolewa na yale magari yako mapya."

Nililinywesha lile gari polishi ya mafuta siku nne. Siku ya tano nilifuta, na kile kijani nilichokiona nikiwa na miaka kumi na tisa kikajaa gari zima, kuanzia taa hadi taa. Nilizunguka nikilia na kucheka, na mwenye gari amekaa hatua tatu hawezi kukiona. Nikamweleza. Nilimwambia, jani la mgomba, Mzee, la asubuhi. Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ndilo hilo. Baba alisema hivyo hivyo."

Kisha alama. Hapo nikasimama, maana kwa mara ya kwanza niliitazama kwa akili. Praima tupu, kwenye unyevu huu wetu wa Bukoba, miaka yote hii, na haina kutu hata punje. Nikasema praima za zamani zilikuwa praima. Nikafuta, kitambaa kikatoka na mafuta, nikaendelea na kazi. Nilichanganya rangi nikifananisha na chini ya kifuniko cha buti, ambako jua halijawahi kufika. Nikaweka tone kwa brashi nyembamba, tabaka moja kwa siku, asubuhi tu kabla mawingu hayajatoka ziwani, kwa sababu unyevu ukiingia rangi inashika ukungu. Matabaka tisa. Nikaacha ikauke siku kumi bila kuigusa, na hizo siku kumi zilikuwa ngumu kuliko uchungu wa uzazi. Halafu msasa laini kuliko yote, maji ya sabuni, mstari ulionyooka. Halafu polishi, kwa mkono, pete imevuliwa.

Nila alifika Ijumaa. Kesho yake asubuhi tulilisukuma gari juani. Nilimpa Nila ndoo, akaimwaga mwenyewe. Alizunguka boneti, akainama, akaangalia kwa ubavu kama nilivyomwelekeza, akarudi upande wa pili.

"Sioni kitu, baba. Kweli sioni kitu."

Mzee Kanji akasogea kwa fimbo. Akampa Nila fimbo, akaweka kiganja juu ya boneti. Mkono haukutafuta. Haukupita huku wala kule. Ulikwenda moja kwa moja hadi mahali pale, ukasimama juu ya alama yangu kabisa.

Nikasema, "Nitarudia, Mzee."

"Utarudia nini?"

"Si umeiona?"

"Mkono umekuja kwa mazoea." Alikuwa anapapasa pale kwa kidole gumba, polepole, akirudia. "Kila Jumamosi, ukishapanda gari la Maruku, nilikuwa napaka waksi hapa. Hata ulipohamia Kahororo. Hata macho yalipokwisha. Nilitaka kutu isije ikakutangulia." Akapapasa mara ya mwisho. "Nimepaka waksi hapa kuliko mahali popote duniani, na leo sikuti kitu. Hakuna kitu hapa. Nila, kuna kitu?"

"Hakuna, baba."

Alifuta macho yake yasiyoona kwa mkono ule ule wenye maji ya boneti, akanyoosha kiganja upande wangu.

"Leo si Jumamosi? Fundi, lete kitambaa."

Wote mnalijua lile gari la kijani lililoko mwisho wa banda letu, chini ya turubai. Mlidhani mteja amelisahau. Mzee Kanji ndiye aliyeniachia. Kila Jumamosi saa sita, mkishafunga, mmoja wenu alipake waksi kwenye boneti. Mahali penyewe siwaambii, kwa hiyo itabidi mpake boneti yote.